Slaidi ya Mwanaidi

Ninyi mnaoingia maabara sasa hivi mnakuta mashine imeshahesabu kila kitu kabla hamjamaliza kufunga vifungo vya koti. Mashine siwaonei wivu. Ninachowaonea wivu ni kwamba kesho asubuhi mna kazi ya kwenda. Mimi bado naamka saa kumi na mbili, naoga, navaa, halafu nakumbuka kwamba nimestaafu. Nakaa ukingoni mwa kitanda, viatu viko miguuni, na sijui pa kuvipeleka.

Naitwa Salome. Nilizaliwa Kinyangiri, kwa watu wa mashamba na mifugo, na kwetu damu ilikuwa ile ya mbuzi aliyechinjwa, basi. Sikuwahi kumwona mtu akiitazama damu kwa heshima mpaka nilipofika Singida mjini na kupata kazi katika maabara ya hospitali moja. Nilikaa hapo mpaka umri wa kustaafu, jicho likiwa kwenye darubini. Najua ninyi mliosoma mnasema hadubini. Aliyenifundisha, Mzee Gwau, alisema darubini, na mimi sitabadilisha leo.

Mzee Gwau alikuwa Mnyaturu wa Ikungi, mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani ni ya kushika jembe tu. Aliingia hospitali kama mfagiaji. Akawa anafagia maabara polepole kuliko vyumba vingine, anatazama wanachofanya, mpaka mkubwa wa wakati ule akachoka kumfukuza, akampa koti. Nilipofika mimi, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa na kila mtu.

Wiki yangu ya kwanza nilipaka rangi slaidi za asubuhi nzima, vile vioo vidogo tunavyotandazia damu, zote zikatoka bluu tupu. Mzee akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Salome, wagonjwa wako wametumbukia kwenye wino?"

Nikasema nimefuata kila kitu kama nilivyofundishwa chuoni. Akaniuliza maji nimechota wapi. Nikamwonyesha bomba. Akacheka hadi akakaa chini. Maji ya kwetu yana chumvi na magadi, na rangi ile haitaki magadi hata kidogo. Alikuwa na pipa lake la maji ya mvua nyuma ya jengo, ameliandikia kwa chokaa: SI YA KUNYWA, SI YA KUFUA, SI YA MATRONI. Masika yote alikuwa anakinga maji kama mtu anayejiandaa na ukame, na maji yale yalitupeleka hadi masika mengine. Ninyi leo mna maji ya chupa yaliyopimwa. Lakini siku chupa zikiisha, kumbukeni mvua.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuhesabu. Seli nyeupe za damu, yaani seli za kinga, zina aina zake, na ili ujue mwili unapambana na nini, unatakiwa uhesabu mia moja na useme ngapi ni za aina gani. Kifaa cha kuhesabia kilikuwa kimeharibika kabla sijafika. Mzee alikuwa na bakuli moja kubwa na punje za aina tano: mahindi, maharage, kunde, karanga na choroko. Kila akiona seli ya aina fulani, jicho likiwa bado kwenye darubini, mkono unatupa punje yake kwenye bakuli. Limfosaiti zilikuwa choroko. Siku moja kuku akaingia mlangoni, akaruka mezani, na kabla hatujamfukuza akawa ameshadonoa choroko kadhaa. Mimi nikasema, "Mzee, andika tu makadirio, zilikuwa kama thelathini." Akanitazama kama nimetukana.

"Daktari akiuliza, nimwambie nini? Kwamba kuku amekula limfosaiti?"

Akamwaga bakuli, akaanza upya kutoka sifuri.

La tatu ndilo lililonigharimu, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mzee alikuwa anasema hivi: ukimwona mdudu wa malaria, usisimame. Mwandike, halafu endelea mpaka mkiani mwa slaidi. Seli kubwa kubwa hukokotwa na damu inapotandazwa, zinaishia kule mwisho kwenye mkia mwembamba. Asiyefika mkiani hajatazama damu. Alinieleza hayo mara nyingi mpaka nikaacha kuyasikia.

Yeye alistaafu, akarudi Ikungi. Nikabaki mimi na vijana wawili na foleni.

Ilikuwa wakati wa mvua, na katika masika malaria haitupi nafasi. Akaja mama mmoja kutoka Mgori, bado msichana kabisa, ana mimba inayoanza kuonekana, amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka mitano. Mtoto aliitwa Mwanaidi, kwa sababu alizaliwa siku ya Idi. Mama yake, kwa desturi yetu, alikuwa Mama Mwanaidi, na mpaka leo ndiyo jina lake.

Mtoto alikuwa na homa lakini mdomo haukuwa na homa. Nilipomchoma kidole hakulia. Aliuliza, "Unaipeleka wapi?"

"Naenda kuitazama."

"Utaona nini?"

"Askari wako. Wako wengi mle ndani, weupe."

"Wana bunduki?"

Watu wote kwenye benchi walicheka. Nilikuwa na slaidi zaidi ya nilizoweza kuzimaliza, lakini nilimnyanyua nikamwonyesha darubini ilivyo. Alifumba jicho lililopaswa kutazama, akafumbua lililopaswa kufumbwa, akasema ameona askari wawili.

Slaidi yake niliitazama baadaye, katikati ya nyingine. Sikufika hata robo, vidudu vya malaria hivi hapa. Nikaandika malaria, nikaitoa, nikaweka inayofuata. Mama akapewa dawa, wakarudi Mgori.

Baada ya wiki tatu alirudi amembeba mgongoni. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi. Fizi zinatoka damu. Mitoki shingoni imejaa, tumbo limetuna upande wa bandama. Hakuniuliza chochote. Nilimchoma kidole, akatazama pembeni.

Damu ya mtu mwenye afya ina mchanganyiko, kila seli ina sura yake. Ile niliyoiona siku hiyo ilikuwa imejaa seli changa, kubwa, zote sura moja, seli za kinga zilizokataa kukua lakini hazikukataa kuzaana. Nikamwita daktari. Akatazama kwa muda mfupi tu, akasema saratani ya damu, apelekwe rufaa leo leo. Ile slaidi waliifunga kwenye bahasha, ikaondoka na mtoto.

Walipoondoka nilifanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Slaidi zenye malaria tulikuwa tunazitunza kwenye sanduku ili mkaguzi azipitie. Nikaitafuta ile ya kwanza ya Mwanaidi, ya wiki tatu nyuma. Nikaiweka. Nikavivuka vidudu vya malaria, nikaenda taratibu mpaka mkiani.

Zilikuwepo. Si nyingi, lakini zilikuwepo, zimejipanga ukingoni kabisa, zinanisubiri.

Jumapili ile nilipanda gari hadi Ikungi. Mzee Gwau alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamsimulia yote. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Aliendelea kupukuchua, kisha akauliza, "Mama yake umemwambia?"

"Hapana, mzee. Wameshaenda rufaa."

"Utamwambia?"

"Wakirudi."

Akasema, "Haya," akamwita mke wake aniletee maji.

Mwanaidi hakurudi. Alitibiwa kule miezi michache, akapata nafuu, saratani ikamrudia, akafariki. Walimzika Mgori. Mimi nilikwenda msibani na sikusema neno. Mama yake alikuwa amekaa mkekani na tumbo kubwa, anawapokea watu, na kila aliyemwita Mama Mwanaidi alikuwa kama anamchoma sindano. Nikajiambia si leo. Mnajua jinsi inavyokuwa. Si leo, halafu si kesho, halafu mwaka.

Mtoto aliyezaliwa baada ya msiba walimwita Halima. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Upande wa baba walisema kwao ugonjwa huo haupo, haujawahi kuwepo, kwa hiyo umetoka kwenye damu ya mama. Mume, Omari, hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioivunja nyumba. Alihamia Mkiwa kufanya biashara, na baada ya muda tukasikia ameoa huko. Mama Mwanaidi akarudi kwa wazazi wake na mtoto mchanga.

Tangu hapo alikuwa ananiletea Halima. Mtoto akipata homa, wanakuja. Akitoka damu ya pua, wanakuja. Mara nyingine hana lolote, mama ameota ndoto mbaya, wanakuja na kuku amefungwa miguu, zawadi yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Mwanaidi. Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mtazame tu."

Namtoboa kidole Halima, natandaza, napaka rangi, naenda mpaka mkiani. Sasa nilikuwa nafika mkiani kwa kila slaidi ya kila mtu. Vijana wangu walikuwa wananicheka kwamba naswali rakaa za ziada. Namwambia, "Yuko salama." Anashusha pumzi, anakaa kidogo, tunazungumza habari za mvua na alizeti, anaondoka. Kila mara maneno yalikuwa yananijaa mdomoni nikayameza pamoja na mate. Halima akakua hivyo, akawa msichana, akamaliza shule, akapata mchumba. Mzee Gwau akafariki. Nikimkumbuka, kabla sijakumbuka kicheko chake au pipa lake, linakuja lile swali: utamwambia?

Mwaka niliostaafu hospitali ilikuwa inahama kwenda kwenye jengo jipya la maabara. Masanduku ya slaidi za zamani yalikuwa yatupwe. Nilimwomba mkuu wa maabara kibali cha kuchukua moja tu, akasaini bila hata kuuliza ya nini. Niliiweka kabatini kwangu, ndani ya kitambaa.

Sasa mwaka jana akaja daktari kijana, Dokta Upendo. Alinipigia simu, akasema ameelekezwa kwangu kwa sababu watu wanasema nakumbuka wagonjwa. Akaja nyumbani, akanisalimia kwa kupiga goti kidogo kama binti wa kwetu, akaeleza. Yeye na wenzake wanafanya utafiti, wanatafuta familia zilizopata watoto wenye saratani ya damu. Wanataka kujua kuhusu vinasaba, yaani yale maelekezo tunayorithi kwa wazazi, ambayo yanaiambia kila seli ifanye nini. Nikamwambia binti yangu, mimi ni mtu wa rangi na maji ya mvua, nieleze taratibu.

Akaeleza vizuri, na nitajaribu kurudia kama alivyosema. Seli za kinga huzaliwa kwenye uboho wa mifupa. Zinazaliwa changa, zinatakiwa zikue, na yapo maelekezo ya kuziambia lini ziache kuongezeka na lini zikomae. Maelekezo hayo hayafanani kwa watu wote, yana tofauti ndogo ndogo. Wenzao wa nchi nyingine wameona kwamba baadhi ya tofauti hizo zinaonekana zaidi kwa watoto waliopata ugonjwa ule kuliko kwa watoto ambao hawakuupata. Lakini damu zilizochunguzwa kwa wingi ni za watu wa huko. Za watoto wetu ni chache mno.

Nikamuuliza kwa nini wasipime tu seli za watoto wagonjwa.

"Mama, mtoto akishaugua, seli zake za kinga zimeshavurugika. Ukizipima huwezi kujua kipi kilianza, ugonjwa au mvurugiko. Ila alichorithi kilikuwepo kabla hajazaliwa. Hicho hakibadilishwi na ugonjwa. Kwa hiyo tukikiona, tunajua kilitangulia."

Ninakiri, miaka yote ile nikitazama seli, sikuwahi kufikiri kwamba zina historia inayoanza kabla ya mtoto.

Kisha akauliza kama ninajua familia yoyote. Na kama kuna chochote cha mtoto mwenyewe kilichobaki, hata slaidi ya zamani. Siku hizi wanaweza kukwangua seli zilizokauka kwenye kioo wakapata vinasaba. Ila slaidi yenyewe inaisha. Haitazamwi tena.

Nikajua siku imefika. Slaidi ile ilikuwa na tarehe yake kwa mwandiko wangu. Nisingeweza kuitoa bila kusema.

Tulimwita Mama Mwanaidi hospitalini. Alikuja na Halima. Dokta Upendo akamweleza yote, polepole, na mama akasikiliza mikono ikiwa mapajani. Alipomaliza, mama aliuliza moja tu.

"Kwa hiyo ni kweli ilitoka kwenye damu yangu."

"Hapana mama. Mtoto anarithi nusu kwako na nusu kwa baba yake. Na tofauti hizi tunazo wengi. Hata mimi huenda ninazo. Watoto wengi sana wanazo na hawaugui kamwe. Kuna kitu kingine lazima kitokee baada ya kuzaliwa, na bado hatukijui vizuri. Hakuna ulichokula, hakuna ulichofanya, hakuna laana."

"Na huyu?" Akamgusa Halima begani. "Anataka kuolewa. Watoto wake je?"

"Aolewe, mama. Azae. Hata kama amerithi, uwezekano wa kuugua unabaki mdogo sana."

Halima aliinamisha uso, akashika ncha ya mtandio wake. Mama yake akapumua pumzi ambayo nadhani aliivuta siku ya msiba.

Ndipo nikaomba Dokta na Halima watupishe. Nikatoa kitambaa, nikakifungua mezani. Nikamwambia hii ni damu ya Mwanaidi. Nikamwambia ni ya siku ile ya kwanza, alipokuja anatembea. Nikamwambia niliyoyaona siku ile na ambayo sikuyaona, na kwamba nilirudi kuyatazama baada ya wiki tatu, na kwamba yalikuwepo.

Aliitazama slaidi bila kuigusa. Nje kulikuwa na mtu anaita majina ya wagonjwa.

"Angepona?"

"Sijui. Daktari wa siku zile aliniambia wiki tatu huenda zisingebadilisha kitu. Huenda. Sijui, na sitakudanganya."

"Ulijua tangu siku ile niliyombeba."

"Tangu siku ile ile, mlipoondoka."

"Na nimekuletea Halima miaka yote hii. Na kuku nimekuletea."

"Ndiyo."

Alisimama akatoka nje. Nilimwona dirishani amekaa kwenye ngazi peke yake, mgongo umenielekea. Halima alimfuata, mama akamfukuza kwa mkono. Nilikaa pale na mikono yangu mezani. Vijana, nimefanya makosa mengine kazini, nimemwaga rangi, nimechanganya majina, nimemtukana mkaguzi kwa Kinyiramba nikidhani haelewi kumbe ni wa Kiomboi. Hayo nayasimulia kwenye harusi. Lakini nusu saa ile, nikiutazama mgongo wa yule mama, ndiyo ndefu kuliko miaka yote niliyofanya kazi.

Aliporudi alibaki amesimama.

"Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Nionyeshe kwanza."

Mkuu wa maabara wa sasa alitupa darubini, ya siku hizi, yenye taa yake. Niliweka slaidi, nikapanga, nikampisha kiti. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, jicho lisibane, pumua kawaida.

"Hizi nyekundu?"

"Zinabeba hewa. Ni zake."

"Na hii ya zambarau?"

"Seli ya kinga. Hiyo ni nzima. Ilikuwa inafanya kazi yake."

Akatazama muda mrefu sana. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Baadaye akaniambia kwamba hakuna picha ya Mwanaidi hata moja, waliahidiana kumpiga picha Idi iliyokuwa inakuja. Nguo zake ziligawiwa. Kumbe kitu cha mwili wake kimebaki duniani, kimekaa kabatini kwangu, mjini, na yeye anapita barabara ile kila akija mnadani.

"Wakiikwangua nitamwona tena?"

"Hutamwona."

"Ngoja kwanza na baba yake aje."

Hapo nikatumwa mimi. Daktari alihitaji damu ya wazazi wote wawili, na namba ya simu ya Omari hakuna aliyekuwa nayo. Nilikwenda Mkiwa siku iliyofuata. Nilimkuta njia panda, anauza vitunguu na asali kwa abiria wa mabasi, amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Aliponitambua aliweka chini chupa ya asali aliyoishika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Omari, nimekuja kwa habari ya Mwanaidi."

Hakuna aliyemtajia jina lile miaka mingi, niliona. Nikamweleza, na kosa langu pia nikamweleza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusema na sikutaka kubakiza. Alisikiliza anafuta mikono kwenye gunia.

"Walisema ni damu ya upande wake," alisema.

"Walisema. Wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi na mimi sikusema kitu. Tumemwachia yeye abebe vya wote."

Basi lilisimama, abiria wakamwita wakitaka vitunguu, hakugeuka. Akauliza, "Nikija atakubali tukae chumba kimoja?"

"Sijui, baba. Sikuja kusuluhisha ndoa. Nimekuja kuomba damu."

Alikuja Jumatano, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mama Mwanaidi alikuwa tayari ameshatolewa damu, amerudi kwenye kiti cha darubini kwa mara ya mwisho. Omari alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hawakuwa wamezungumza tangu Halima alipokuwa ananyonya. Alitoa salamu kwa sauti ndogo. Mama hakuitikia haraka. Aliinua uso kutoka kwenye darubini, akamtazama, akaniangalia mimi, kisha akasogea.

"Njoo umtazame mwanao."

Omari alikaa. Nilimwambia afumbe jicho lipi. Baada ya kitambo akasema haoni kitu, kuna maji tu. Nikanyoosha mkono nirekebishe kioo, na Mama Mwanaidi akanizuia.

"Mwache. Darubini haina tatizo."

Akasimama nyuma yake mpaka alipomaliza. Halafu akamwambia, bila hasira na bila upole, "Waambie watu wa kwenu nusu ilitoka kwako." Akasema, "Nitawaambia." Na nilisikia baadaye kwamba aliwaambia, kwenye kikao cha mahari ya Halima, mbele ya wazee wote, na kwamba shangazi mmoja aliondoka kabla ya chakula.

Dokta Upendo alichukua slaidi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Mama Mwanaidi aliisindikiza kwa macho hadi mlango ulipofungwa. Mimi pia. Ninaweza kusema ukweli? Kabati langu liko tupu pale ilipokuwa, na kuna siku nafungua mlango wake bila sababu. Naikumbuka maabara, harufu ya spiriti, kelele za foleni, Mzee akitupa choroko bila kutazama. Namkumbuka mtoto aliyeniuliza kama askari wana bunduki, na kuna wakati ninatamani kurudi kwenye asubuhi ile moja tu, niwe na slaidi yake mkononi, nipite robo, nipite nusu, nifike mkiani.

Mama Mwanaidi hajaniambia kama amenisamehe. Kuku haleti tena. Lakini simu yangu anapokea.

Miezi michache baadaye Dokta Upendo alinipigia. Kazi ya kukwangua ilifanikiwa, vinasaba vya mtoto vimepatikana, vinatosha. Majibu yenyewe yatachukua muda mrefu, huenda miaka, na hayatakuwa majibu ya mtoto mmoja. Vitawekwa pamoja na vya watoto wengine, vilinganishwe, ndipo waone kama kuna kinachojirudia. Aliniomba nimfikishie mama yake.

Nilimpigia jioni ile ile. Alikuwa shambani, nilisikia upepo kwenye alizeti. Nikamweleza kama nilivyoelezwa.

"Umesema vimewekwa pamoja na vya watoto wengine?"

"Ndiyo, Mama Mwanaidi."

"Ni wengi?"

"Ni wengi."

"Wa umri wake?"

"Wengine ni wadogo kuliko yeye. Wengine ndio hao wa umri wake."

Upepo ukapita tena kwenye simu.

"Basi hayuko peke yake," akasema.

Nikamwambia hayuko.